Kiti Mbele ya Gari la Mzee Mbithi

Mliponiaga Ijumaa ile mlinipa zawadi ya glavu. Jozi kumi, ndani ya kasha lenye utepe mwekundu. Nilizipokea kwa moyo mkunjufu. Miaka thelathini na mitano nimeshika grisi, petroli na vumbi la breki kwa mikono mitupu, na siku niliyoacha kushika kitu kizito kuliko kikombe cha chai, ndipo mkakumbuka ngozi yangu. Mungu awabariki. Nimeanza kuzitumia kumenyea vitunguu.

Mlisema pia niandike mambo mawili matatu ya kazi, yawafae watakaokuja. Shiko wetu wa nyaya za umeme akaongeza kwamba nisiandike hotuba. Basi sitaandika hotuba. Wala sitasimulia nilivyopanda vyeo, kwa kuwa gereji yetu hapo nyuma ya Soko la Burma, Nairobi, ilikuwa na vyeo viwili tu: Fundi Karanja, na sisi wengine. Nitaandika juu ya shuu za breki, vile vipande vya chuma vinavyobana gurudumu lisimame, zilizoloa mafuta. Najua mngependelea kisa cha injini, maana injini ndiyo hupigiwa makofi. Lakini sijawahi kuona mtu akivunjika mkono kwa sababu gari lilikataa kuondoka.

Nilifika gerejini nikiwa na miaka ishirini na saba, nikitoka kuchonga twiga wa mbao wa kuuziwa watalii. Nilichonga mamia ya twiga, na kila mnunuzi alitaka mwenye shingo ndefu kuliko wa jana. Nikachoka na shingo. Fundi Karanja, mtu wa Murang'a, mrefu, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata Januari, aliniangalia viganja kama anayekagua tairi.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kuchonga vinyago, fundi. Twiga."

"Msasa unaujua?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi umefika, Twiga. Kaa pale."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Mutiso, isipokuwa mke wangu, akikasirika.

Karanja alikuwa bingwa. Nasema hivyo bila kejeli, na mnajua ni nadra. Aliweza kusikia beringi mbovu gari likiwa bado huko barabarani, akaweka uji wake chini na kusema, "Nyuma kushoto, anakuja huyo." Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukifungua dramu ya gurudumu na kukuta shuu zimelowa, usikimbilie shuu. Gusa, kisha nuse. Mafuta mazito yenye harufu ya kiberiti yametoka kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, yamepita sili ya mpira iliyochoka ya ekseli. Mafuta mepesi yanayobabua rangi ni ya breki yenyewe, yanavuja kwenye ile silinda ndogo ya gurudumu. "Usiioshe shuu," alikuwa akisema, "kabla hujajua ni nani anayeikojolea." Alinifundisha pia kulowesha vumbi la lainingi kuukuu, lile gamba la shuu linalosugua dramu, kwa maji kabla ya kulifuta, na kutolipuliza kamwe kwa pampu, kwa sababu vumbi lile likiingia kifuani halitoki.

Na kuna kiti. Aliyetengeneza breki alichukua kigoda chake mwenyewe, kile anachokalia kula mchana, akakiweka hatua kumi mbele ya mstari tuliouchora chini kwa mafuta machafu. Kisha gari lilikuja mbio kwenye kile kinjia kati ya gereji na ukuta wa ghala, na dereva akakanyaga breki kwenye mstari. Mara tatu: zikiwa baridi, zikiwa vuguvugu, zikiwa moto. Kiti kikipona, gari linakwenda nyumbani. Kikivunjika, fundi anakula amesimama hadi atengeneze kingine. Nyuma kabisa Karanja alirundika matairi makuukuu, kwa ajili ya magari yasiyoheshimu samani. Huo ulikuwa ubunifu wake, na sijaona mtambo wa serikali wa kukagua magari unaoushinda.

Sasa tuje kwenye upungufu wake, maana hata bingwa ana mahali anapovuja. Fundi Karanja aliamini kwamba shuu iliyokunywa mafuta huponywa kwa moto. Aliziogesha petroli, akazipanga juu ya jiko la makaa, na mafuta yakitokota juu ya lainingi akashangilia kama mganga aliyemwona pepo akitoka. "Mafuta ni mgeni. Mwonyeshe moto, ataaga." Nyusi zake ziliaga mara mbili, kwa sababu petroli na jiko havijawahi kuelewana. Mgeni mwenyewe hakuwahi kuondoka. Lainingi ni kama sifongo: moto huyatoa mafuta ya juu tu, ya ndani yakabaki yakisubiri. Siku breki ikipata joto barabarani, yanapanda tena, na mguu wa dereva unakuta utelezi. Kabla sijafika, mafundi wa gereji ile walikuwa wamekula wamesimama kwa kipindi kirefu. Karanja alilaumu mvua, madereva, na mara moja mwinuko wa Jogoo Road.

Mwaka wangu wa pili, pikapu ya mwuza maziwa ilipita majaribio kwa bahati, ikashuka hadi mtaa wa Maringo, ikaingia kwenye kibanda cha kinyozi. Hakuna aliyeumia, ila mteja alikimbia akiwa amenyolewa nusu ya kichwa na hakurudi kudai nusu ya pili. Karanja alisema dereva alivaa viatu vyenye soli nene.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Mtu huyu alinipa kazi nikiwa sijui spana wala jeki. Mke wangu alipojifungua kwa shida, Karanja alikaa siku mbili kwenye benchi la hospitali na kofia yake, akinunua uji ambao hakuna aliyeunywa. Ningemwambiaje kwamba moto wake ni maigizo? Kimya changu nilikiita heshima. Kumbe ulikuwa woga uliopigwa pasi.

Basi nikabuni njia yangu. Nilichoma shuu asubuhi mbele ya macho yake, nikaenda nazo pembeni "kupiga msasa," kisha nikafunga nyingine zilizopigwa riveti lainingi mpya na jamaa mmoja wa soko la Gikomba. Lainingi mpya nilizikwaruza kidogo, nikazipaka masizi, na kwa mtu aliyewahi kufanya mbao ya jana ionekane ya enzi za mababu, hiyo haikuwa kazi. Wateja niliwaeleza kando, wakanunua lainingi na kunyamaza. Gari lilisimama kwenye mstari, kiti kikapona, na Karanja akanishika bega. "Unaona moto, Twiga?"

"Nauona, fundi."

Zaidi ya miaka thelathini nilimwambia nauona. Ninyi mnaonisifu kwa ukweli, kateni kidogo hapo.

Mwaka jana Mzee Mbithi wa mtaa wa Jericho akaleta gari lake. Mnalikumbuka: saluni ndefu ya rangi ya krimu, yenye mabawa nyuma na usukani mkubwa kama sinia, dramu kwenye magurudumu yote manne. Alikuwa dereva wa kazi maisha yake yote, akiendesha magari ya watu, na hilo ndilo lililokuwa lake. Lilikaa miaka mingi chini ya turubai nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani. Tulilifufua kwa miezi minane. Kila mpita njia alisifu viti. Wengine walipiga picha na taa za nyuma. Mtu mmoja tu hakusifu chochote: mke wake, Mama Ndunge, mwanamke mfupi mwenye mkono wa kushoto usionyooka. Alikuja mara nne, na mara zote aliuliza swali moja.

"Litasimama?"

Tukamjibu kuhusu rangi.

Mzee Mbithi alinieleza siku moja tukifunga bampa. Zamani yeye na mkewe walikuwa wakiteremka na gari hilo ule mlima wa kwao Kangundo, breki zikateleza, wakaingia kwenye ukuta wa kanisa. "Ibada ilikuwa inaendelea," alisema. "Tuliingia katikati ya mahubiri." Mkono wa mama ulivunjika mara mbili. Tangu hapo hakukanyaga gari lile. Walipokwenda nyumbani, yeye alipanda basi na mzee akafuata nyuma peke yake, kiti cha kando kikiwa na kikapu. Sasa walikuwa wanahama Nairobi kabisa, kurudi Kangundo kuzeeka.

"Nataka ule mteremko tuushuke pamoja, hata mara moja," alisema. "Amekubali kuja kutazama majaribio. Akiridhika, ataingia. Asiporidhika, amesema niliuze, na nimeapa nitaliuza."

Alifuta bampa iliyokuwa safi tayari.

Nilifungua dramu zote nne. Shuu za nyuma zilikuwa zimekunywa mafuta ya difu, za mbele mafuta ya breki, nyeusi na laini kama ulimi. Nikatibu mivujo kwanza, kama nilivyofundishwa: sili mpya kwenye ekseli, mipira mipya ndani ya silinda, dramu zikaoshwa kwa sabuni hadi zikang'aa. Lainingi za umbo lile hazipatikani kwa urahisi, na jamaa wa Gikomba alisema nimpe wiki moja azikate kwa mkono. Hapohapo nikapigiwa simu kutoka Kitui: shemeji yangu amefariki. Nikafunga mfuko. Karanja, aliyekuwa ametimiza miaka themanini na bado akija kila siku "kusimamia," aliziona shuu kwenye benchi.

Ningeweza kumwambia, "Fundi, ngoja zitoke Gikomba." Nikamwambia kile nilichozoea.

"Usiziguse, fundi. Nitazichoma nikirudi."

Mzee mwenye moyo mzuri, amesikia mwanafunzi wake amefiwa na ana kazi ya kuchoma inayomsubiri, mnadhani alifanya nini? Alinisaidia.

Niliporudi Jumamosi, gari lilikuwa limesimama kwenye kinjia juu ya magurudumu yake, linang'aa kama jino jipya. Mzee Mbithi alikuwa ndani, mikono kwenye usukani. Mama Ndunge alikuwa kando na gauni la kanisani na mkoba. Kigoda changu kilikuwa mahali pake, hatua kumi mbele ya mstari. Ninyi nyote mlikuwapo, mmeegemea ukuta mkila mahindi.

"Twiga!" Karanja akaniita. "Pole kwa msiba. Nimekumalizia kazi. Jiko letu limetoboka, nikaenda kwa Baba Shiro pale bucha, akanipa nafasi kwenye wavu wake mkubwa. Makaa! Zimechomeka vizuri kuliko siku zote."

"Kwenye wavu wa nyama?"

"Katikati ya mbavu na mguu wa mbuzi. Saa nzima."

Nikauweka mfuko chini. Kabla sijafungua mdomo, Mama Ndunge alinyoosha ule mkono uliopinda.

"Hicho kiti ni cha nani?"

"Cha fundi wa breki, mama," Karanja akajibu. "Ni desturi yetu. Gari likishindwa kusimama, linavunja kiti."

"Na huwa mnakiacha kitupu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Mahindi yaliacha kutafunwa. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Anayeziamini hizo breki na akikalie," alisema mama. "Mimi natakiwa kukaa ndani ya hilo gari mlimani. Yeye akae hapo, mahali tambarare."

Fundi Karanja akavuta suruali magotini, akatembea, akakaa. Alikuwa ametulia kabisa. Aliweka mguu juu ya mguu. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye zaidi ya miaka thelathini ameuona moto ukifanya kazi, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

"Fundi, ondoka hapo."

"Kuna nini?"

"Shuu zilizochomwa hazishiki."

Akacheka. "Zimeshika miaka yote hiyo, zishindwe leo?"

"Hazijawahi kushika. Nilikuwa nabadilisha. Zile ulizokuwa unaziona zilikuwa na lainingi mpya. Nazipaka masizi."

"Uuuwi," Shiko akasema taratibu.

Karanja alishusha mguu. "Zote?"

"Tangu ile pikapu ya kinyozi."

"Hata za gari la mchungaji?"

"Hata za gari la mchungaji."

Nilidhani atainuka. Badala yake alivuta kofia hadi masikioni na kugeukia gari. "Mzee Mbithi, washa. Leo tutajua nani mwongo."

Mzee Mbithi hakuwasha. Mimi nilisimama katikati kama nguzo isiyo na waya. Mama Ndunge ndiye aliyetembea hadi kwenye kiti, akaweka mkoba kwenye kwapa na kumpa Karanja mkono wake mzima.

"Fundi, gari hili lilishanivunja mimi. Sitaki livunje mtu mwingine kwa ajili yangu. Njoo usimame na mimi. Kiti kikipona, huyu atapiga magoti akuombe msamaha, na nitamshikilia mimi mwenyewe."

Mzee hawezi kumkatalia mama aliyevaa gauni la kanisani. Akainuka.

Mara ya kwanza gari lilikuja, likagusa mstari na kusimama pale pale. Karanja alinitazama. Mara ya pili lilipita mstari hatua mbili, likavutia kushoto kidogo, likasimama. "Piga magoti, Twiga," Karanja akasema, na kusema kweli magoti yangu yalikuwa tayari. Akapiga hatua arudi kitini. Mama Ndunge hakumwachia mkono.

"Bado moja."

Mara ya tatu Mzee Mbithi alikanyaga breki kwenye mstari na gari halikusikia. Moshi wa buluu ulitoka kwenye magurudumu yote manne. Halikulia, halikuserereka, lilikuja tu, kimya, kwa adabu, likakiponda kigoda changu kama kiberiti kilichokanyagwa, likaenda kujilaza kwenye matairi makuukuu. Kisha harufu ikatufikia.

"Buda," Shiko akasema, "hii gari inanukia mbavu!"

Mbwa wawili wa Burma wakaja kuthibitisha.

Mzee Mbithi alikuwa mzima. Alikaa ndani bila kushuka, akitazama kiti cha kando. Tulifungua dramu ya mbele. Karanja alipiga magoti polepole, akakwaruza lainingi kwa ukucha, akanusa, kama alivyonifundisha.

"Mbuzi," alisema.

Akafuta kidole kwenye suruali, akaondoka. Hakuniangalia. Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Nilikula nimesimama siku zote mbili, na msijidanganye kwamba ilikuwa kwa sababu ya kigoda.

Jumatano alifika na mfuko wa karatasi. Alikuwa ameziendea lainingi Gikomba mwenyewe. Akaziweka kwenye benchi, moja moja.

"Yule jamaa wa Gikomba anasema ananijua," alisema. "Anasema mimi ni mteja wake wa siku nyingi."

"Nisamehe, fundi."

"Ningekuwa nimekaa pale, Twiga."

"Najua."

"Hukunisaidia."

"Najua, fundi."

Aligeuza lainingi moja mkononi. Kisha akasema, "Piga riveti. Msasa nitapiga mimi." Na alipiga msasa, mzee wa miaka themanini, kingo za shuu zote nane, taratibu, huku mimi nikichonga kigoda kipya kwa kipande cha jakaranda.

Jumamosi iliyofuata Mama Ndunge alirudi na gauni lile lile. Hakuuliza swali lake. Alikitazama tu kiti kipya, na mimi nikaenda kukikalia. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilihesabu bolti za bampa ile, na ukitaka kujua ukweli wa kazi yako, iangalie ikija kwako mbio. Mara ya kwanza, kwenye mstari. Mara ya pili, kwenye mstari. Mara ya tatu breki zikiwa moto, nikasikia joto lake usoni, likasimama kwenye mstari kama lililogongewa kigingi.

Mama Ndunge alizunguka gari mara moja. Akafungua mlango wa kando, akatoa kikapu kilichokuwa juu ya kiti na kukiweka nyuma. Akaingia, akauweka ule mkono mbovu mapajani.

"Baba Ndunge," alisema, "polepole."

Mzee Mbithi aliondoa gari polepole.

Karanja bado anakuja kusimamia, mnamwona. Mgeni akiuliza habari za breki, humwambia: "Huyu Twiga nilimkataza kuchoma shuu tangu zamani." Namwacha. Hilo halimvunji mtu mkono.

Kigoda cha jakaranda sikukichukua. Kiko pale karibu na benchi, na Shiko aache kukiwekea chaja. Siku mtakapomwambia mtu gari lake liko tayari, kikalieni kwanza. Miguu ikikataa kuketi, msitafute maneno ya kumwambia mteja. Chukueni spana ya magurudumu.